Maji Juu ya Saruji

Kosa langu lilikuwa kikombe cha maji. Niliyanyunyiza juu ya saruji iliyokuwa imeanza kushika, nikapitisha mwiko, ikalainika tena kama uji, nami nikapata nafasi ya kuandika upya mstari ambao haukuniridhisha. Nilifanya hivyo mara tatu juu ya kaburi moja huko Lurujo, wilaya ya Koboko, katikati ya kiangazi. Mtu yeyote aliyefundishwa ujenzi angenizuia. Mimi sikufundishwa na mtu.

Kwetu marehemu hulala nyumbani, kando ya nyumba yake mwenyewe, na baadaye familia ikishajikusanya kaburi hujengewa. Fundi wa matofali huinua kuta fupi, halafu huitwa mtu wa kupiga lipu ya juu na kuandika. Mtu huyo ndiye mimi. Maandishi lazima yachongwe saruji ikiwa katikati, imeshaacha kuwa matope lakini haijawa jiwe. Muda huo ni mfupi, na upepo wa kiangazi huupunguza zaidi. Sijui kwa nini mtu mwenye hofu kama yangu alichagua kazi isiyompa nafasi ya kufikiri mara mbili. Labda sikuichagua. Nilipenda tu herufi.

Nilizijua herufi Ediofe, pembeni mwa mji wa Arua, karibu na kanisa kuu, ambako nyumba yetu ipo. Kuna makaburi ya mapadri pale, yameandikwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi. Nilikuwa naweka karatasi juu ya jiwe, nasugua kwa mkaa, herufi zinatokea nyeupe. Siku moja mlinzi aliniuliza nafanya nini. Nilimjibu kwamba nawaombea mapadri. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi hii. Nyumbani nilinyoosha spoku ya baiskeli, nikainoa ncha, nikaanza kuchonga kwenye udongo, kisha kwenye saruji iliyobaki kwa majirani waliokuwa wakijenga.

Kaburi la Lurujo lilikuwa la mzee mmoja, na lilikuwa la kwanza nililoachiwa peke yangu. Nilipomaliza kuandika watu walisema ni zuri. Mimi niliona mstari wa pili umepanda upande wa kulia, labda kwa unene wa kidole. Nikanyunyiza maji, nikafuta, nikaandika upya. Sasa herufi mbili zilikuwa zimebanana. Nikanyunyiza tena. Mara ya tatu sikuwa hata naona kosa. Nilihisi tu kwamba lazima lipo.

Kosa lilikuwepo kweli, lakini si pale nilipokuwa natafuta. Mvua za kwanza zilipopita, jirani yetu anayenunua mihogo Koboko na kuiuza Arua alisimama mlangoni na kuniambia, huku anacheka, "Ile kaburi yako iko natoa ngozi kama nyoka." Nilicheka naye. Alipoondoka niliingia ndani nikalala, mchana kweupe, na viatu miguuni.

Siku chache baadaye nilipita mahali wanapojenga nikamuuliza fundi mmoja, kama mtu anayeuliza tu, itakuwaje mtu akimwagia maji saruji inayoshika na kuipiga mwiko tena. Aliniambia ngozi ya juu itakuwa dhaifu, itabanduka. Nikamuuliza, na kama mtu huyo hakujua? "Basi ni mjinga," akasema, akaendelea kupanga matofali yake.

Hapo ningeweza kwenda Lurujo. Pikipiki zipo, barabara ninaijua. Sikwenda. Jirani wa mihogo akaja na habari nyingine: ile familia imeshajua tatizo ni nini. Ni mtoto wa kiume wa marehemu, yeye ndiye aliyenunua saruji, na watu wanasema alileta mfuko wa zamani uliokaa stoo hadi saruji ikashika mabonge. Shangazi zake hawamwachi. Hata chumvi wakimtuma dukani, wanasema ataleta iliyooza.

Nilikuwa namkumbuka yule mtu. Alibeba mfuko begani kutoka barabarani, akaufungua mwenyewe. Nilijaribu sana kukumbuka kama kulikuwa na mabonge ndani yake. Nilikaa kitandani nikijaribu kuyaona mabonge hayo. Hayakuwepo. Saruji ilikuwa laini kama unga wa mtama uliochekechwa. Nilijua hivyo, na nilinyamaza miaka miwili.

Katika miaka hiyo sikugusa kaburi la mtu. Watu walikuja, wa Arua mjini na wa Lobule, nikawaambia nina kazi nyingi. Nilikuwa napaka vibao vya maduka na namba za milango, kwa sababu rangi ukikosea unafuta na mafuta ya taa, unaanza tena, hakuna anayejua. Jioni nilikuwa namimina saruji kwenye fremu ya mbao, kigae kimoja kimoja, naandika alfabeti, naitazama, naichukia. Vigae vilivyoshindwa mama alivipanga uani kuelekea chooni ili tusikanyage tope. Wageni wakija anawaonya, "Hapa mtu anapita A mpaka Z kabla ya kujisaidia, kwa hiyo wahini mapema." Watu walicheka. Mimi nilikuwa napita pale nimeinamisha kichwa, na kila hatua nikaona kosa: hii S inaanguka, hii M ina mguu mfupi. Nilichoka. Si kuchoka kwa mikono tu, ingawa saruji ilikuwa imenipasua vidole. Nilichoka kwa kupima. Nikipewa sahani ya chakula napima kama maharage yamekaa katikati.

Halafu, siku ya soko, yule mwanamke akaja.

Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa binti mkubwa wa mzee wa Lurujo, mwenye umri wa kuwa mama yangu mdogo, na siku ile ya kazi ndiye aliyekuwa akigawa chakula. Alisimama uani na mwavuli mkononi, akiangalia vigae vya alfabeti chini ya miguu yake.

"Wewe ndiyo ile fundi ya kaburi ya baba?"

Nilikuwa nafikiri jibu. Mama yangu akajibu kutoka jikoni, "Ni yeye. Karibu, kaa."

Yeye ni Mkakwa, sisi Walugbara, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mtu kwa namna yake. Alisema mama yake naye alifariki, kiangazi kilichopita. Amelala pembeni ya baba. Sasa wanataka kumjengea, na siku imepangwa, kwa sababu wajomba wanakuja kutoka upande wa Kongo, ndugu za huyo mama, kuona dada yao amewekwaje. Wajomba hao wasiporidhika haiwi siku njema.

Nilimwambia Koboko mjini kuna mafundi wazuri kuliko mimi. Akasema anajua, ameshawaona wote.

"Wale hawaogopi," akasema. "Wanakuja na redio, wanaongea, wanaandika kama wanaandika barua ya deni. Wewe siku ile ulikuwa unaogopa. Niliona. Mutu anaogopa anafanya pole pole."

Upolepole ule ndio ulioharibu kaburi la baba yake. Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini yeye akaendelea, akasema nisijali habari ya kaburi la kwanza kubanduka, wanajua halikuwa kosa langu, ni ndugu yake na saruji yake mbovu. Alisema hivyo kwa kunifariji. Mama akaleta chai. Nikasema nitakuja. Nilikubali kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema kweli, na usiku na mchana mpaka siku yenyewe sikupumzika.

Nilifika Lurujo asubuhi, vumbi la barabara limenijaa hadi kwenye nyusi. Walinipeleka moja kwa moja kwenye makaburi, nyuma ya nyumba, mbele ya shamba la mihogo. La mzee lilikuwa limebanduka karibu lote. Pale ambapo maandishi mengi yalikuwa kulibaki kijivu chenye mashimo mashimo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mstari wa pili, ule nilioufuta mara tatu, haukuwepo kabisa. Mstari wa kwanza, ambao sikuugusa, ulikuwa bado unasomeka.

Yule mtoto wa kiume alikuwa tayari anachekecha mchanga. Amenenepa kidogo, ndevu zina mvi. Hakuniangalia sana. Alileta mfuko wa saruji, akauweka mbele ya shangazi zake wawili waliokaa kwenye mkeka wakimenya mihogo, akaufungua kwa kisu, akachukua saruji mkononi, akawapelekea.

"Shikeni," akasema. "Iko bonge? Mtafute bonge."

Shangazi mmoja akatumbukiza vidole, akavisugua. Akasema ni nzuri, lakini hata ile ya kwanza kwa macho ilikuwa nzuri. Yule mwingine akamuuliza kama na chumvi ya leo ameipima hivyohivyo. Wakacheka wote wawili, hawakuwa na ubaya mkubwa, ilikuwa utani wa miaka miwili ambao umeshalainika mdomoni. Yeye hakucheka. Alizunguka na ile saruji mkononi kwa kila mtu aliyekuwepo, hadi wapishi. Alipofika kwangu akanyoosha kiganja. "Na wewe fundi. Usije sema kesho."

Niliishika. Nikasema ni nzuri.

Alikoroga yeye, nikapiga lipu mimi. Mikono inajua kazi hata kichwa kikiwa kibovu. Nilinyoosha kwa ubao, nikasubiri, nikajaribu kwa kidole pembeni, nikasubiri tena. Saruji ilipofika mahali pake nikachukua spoku. Jina la mama lilikaa vizuri. Miaka yake ikakaa. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo watoto walichagua, kwa Kiswahili ili watu wa pande zote mbili za mpaka wasome: Alilima, akatulisha sisi wote.

Nilipofika "sisi" nikaona mstari umeanza kushuka. Sijui ulianzia wapi. Upepo ulikuwa mkali, nilikuwa nimeharakisha. Neno la mwisho likatoka chini ya mengine, wazi kabisa, kama mtu aliyeteleza akashikilia. Nikainuka nikaangalia. Nikarudi upande wa pili nikaangalia. Jasho liliingia machoni. Wajomba walikuwa njiani, mtu mmoja alikuwa ameshapigiwa simu kwamba wamevuka mpaka.

Yule mtoto wa kiume alikuwa amesimama karibu yangu na kikombe cha plastiki cha maji ya kunisafishia mwiko. Niliunyoosha mkono. Nilitaka maji kidogo tu, ya kulainisha mstari mmoja. Najua sasa ningefanya nini: ningefuta, ningeandika, ningefuta. Na mvua zikija, wangesema tena ni yeye. Safari hii alikuwa amewashikisha saruji watu wote, na bado wangesema ni yeye, maana nani mwingine?

Alinipa kikombe. Nilikishika. Kilikuwa kimejaa hadi juu, maji yakanimwagikia vidoleni.

"Ndugu yangu," nikasema. "Ile simenti ya kwanza haikuwa mbaya. Ni mimi niliongeza maji juu, wakati imeshaanza kukauka. Ndiyo maana ilibanduka."

Akaendelea kutazama mwiko. Nikafikiri hakusikia, nikarudia. Shangazi mmoja akaacha kumenya. Dada yake, yule aliyenifuata Arua, alikuwa anapita na sufuria, akasimama.

"Ulijua lini?" akauliza yule mtu.

Nikamwambia tangu mvua za kwanza. Akahesabu moyoni, nikaona midomo inatembea.

"Miaka mbili," akasema. "Miaka mbili mimi natumwa dukani na mtoto ananifuata nyuma kuangalia nanunua nini."

Nilianza kueleza, kwamba nilijifundisha peke yangu, kwamba mstari ulikuwa umepanda, kwamba sikulala vizuri. Niliisikia sauti yangu mwenyewe na ikanichosha. Akanikatiza kwa kuninyang'anya kikombe, akayamwaga yale maji mbali, kwenye mihogo.

"Maliza," akasema. "Inakauka. Maneno yako utasema mbele ya wajomba."

Kulikuwa na msalaba mdogo wa kuchonga chini, na mpaka wa kuzunguka pembeni. Nikapiga magoti nikachonga. Mstari wa mpaka ukatoka na mikunjo miwili mitatu. Sikuwa na maji. Yeye alisimama juu yangu wakati wote, mikono kifuani, hakutoka. Nilipomaliza, saruji ilikuwa imekataa hata kucha.

Wajomba walifika wanne, wazee, wamevaa makoti. Kabla ya chakula yule mtu aliniita katikati. Nilisema tena, mbele ya kila mtu, na dada yake mkubwa akanitafsiria kwa Kikakwa kwa wale ambao hawakusikia, neno kwa neno, bila kuniangalia. Ni vigumu kusimama kimya huku kosa lako linasemwa kwa lugha ambayo huijui. Unasikia urefu wake tu. Shangazi mwenye utani wa chumvi alishika kichwa. Akamwambia mpwa wake jambo kwa lugha yao, fupi. Yule mtu akatazama pembeni, akafuta uso kwa mkono wenye saruji, akabaki na alama nyeupe shavuni hadi jioni. Sikuuliza aliambiwa nini.

Mjomba mkubwa hakuonekana kujali sana habari za saruji ya shemeji yake. Alikwenda kwenye kaburi la dada yake akalizunguka. Akafuata mstari wa chini kwa ncha ya fimbo yake, bila kugusa, hadi neno la mwisho.

"Hii imeinama," akasema.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Imeinama."

Nilingoja. Akasoma tena, kwa sauti ndogo, maneno yote. Akamuuliza mpwa wake kama kuku ameiva. Wakaenda kula.

Yule dada ndiye aliyeniletea chakula. Aliweka sahani kwenye benchi, si mkononi mwangu. Nilikuwa nimesimama nione kama atasema kitu. Aliniambia amezunguka Lurujo nzima akimsema ndugu yake, hadi kanisani, na sasa itabidi azunguke tena. Kisha akasema baba yake bado yuko vile pale nje, ngozi imetoka, na mimi nitarudi lini. Haikuwa swali.

Jua lilikuwa limeshakwenda, nililala pale. Asubuhi saruji ilikuwa ngumu, na sasa ndipo inapohitaji maji. Saruji iliyoshika hunyweshwa siku kadhaa isipasuke. Nilimwonyesha yule mtu jinsi ya kumwaga. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Akaenda kuchota ndoo nzima.

Nilirudi baada ya wiki moja. Tulibandua sehemu ya juu ya kaburi la baba yao kwa patasi na nyundo, yeye upande mmoja, mimi mwingine, kazi ya kuchosha na yenye vumbi. Saruji alinunua yeye. Hakuna aliyeishika kuikagua. Nilipokuwa naandika alikuja akasimama juu yangu kama mara ya kwanza, na kabla sijaanza alichukua kikombe akakipeleka jikoni. Mstari wa pili ulipanda kidogo upande wa kulia. Uleule.

Misimu miwili ya mvua imepita juu ya makaburi hayo. Jirani wa mihogo anasema yapo, hajaona kitu kikibanduka, ila ile ya mama imeinama. Namwambia najua.

Bado naogopa. Bado nikipita uani kwenda chooni naona M yenye mguu mfupi. Napokea kazi za makaburi tena, Arua na Koboko, na kabla ya kuandika namwomba mwenye nyumba ayaondoe maji karibu yangu. Nikimaliza mstari sirudi nyuma.